SOMO: Jinsi ya kuyashika mkono maduka madogo ya River Road, Luthuli na Kamukunji, Nairobi, wakati wa lokdauni ya Aprili 2021

Wadau salamu. Somo hili ni la Aprili 2021 na lokdauni hiyo imeshaisha, kwa hivyo "sasa", "sahizi" na "mwaka jana" humu ni za wakati huo. Mimi ni fundi wa nguo huku Kayole na vitu vyangu vyote vya kazi, nyuzi, zipu, vifungo, lastiki, kitambaa cha ndani, nanunua mjini Nairobi, kule chini ya barabara ya Tom Mboya, ndiko tunakoita downtown, kwa hivyo haya mambo nayaona kwa macho kila wiki. Tangu 26 Machi 2021 kaunti tano zilifungwa, yaani Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Nakuru, hakuna kuingia hakuna kutoka, kafyu ikarudi saa mbili usiku, na watu wakaniuliza sasa mtu wa kawaida asiye na mamilioni atawasaidiaje hawa wenye vijiduka wasifunge. Anaweza kabisa, na wala si lazima atoe sadaka. Ila kuna mpangilio wake na ndio nataka tuupitie hapa polepole.

Kwanza elewa kitu kimoja, downtown haiishi kwa wateja wa Nairobi peke yake. Siku za kawaida ukipita River Road ama Accra Road asubuhi na mapema utakuta mabasi yanashusha watu wa Kisumu, Busia, Kakamega, Meru, wako na mabegi matupu, wananunua bei ya jumla mpaka mchana, wanafunga mzigo, wanarudi kwao kuuza. Hao ndio wanaolipa kodi ya lile jengo. Ukifunga barabara umewakata hao, na mwaka 2020 tuliona, tulifungiwa 6 Aprili mpaka 7 Julai, Eastleigh nao wakafungiwa kivyao kuanzia 6 Mei, na zilipofunguliwa vijiduka vingi vilikuwa na wenyewe wapya.

Pili, duka dogo mara nyingi halifi kwa sababu ya hasara, linakufa kwa kukosa pesa ya mkononi. Mama ninayenunua kwake vifungo duka lake limejaa mpaka juu, kadi za vifungo zimepangwa kwa rangi kuanzia nyeupe mpaka nyeusi, zipu za sketi za shule zimefungwa dazeni dazeni kwa raba, bluu, kijani, maruni, mali ya maana kabisa. Lakini shule zilifungwa Machi 2020, wengi wakarudi Januari 2021, hizo zipu zikakaa pale karibu mwaka mzima, na tarehe 5 ya kila mwezi keretaka, yaani msimamizi wa jengo anayekusanya kodi, hakubali kulipwa kwa zipu. Kwa hivyo kila hatua hapa chini lengo lake ni moja, pesa yako imfikie mapema.

HATUA YA 1: Lipa deni lako kwanza

Najua wengi mlidhani nitaanza na kununua. Hapana. Wengi wetu tunadaiwa na haya maduka, elfu mbili hapa, mia tano pale, fundi mwenzangu ako na deni la kitambaa tangu Krismasi na kila siku anapost "support local". Chukua daftari, andika unadaiwa na nani, anza na yule mdogo zaidi maana huyo ndiye hana pa kugeukia. Kama huna zote lipa nusu na useme tarehe ya hiyo nusu nyingine, na usingoje upigiwe simu, mwenye duka anaona aibu kukudai sahizi akijua hali ni ngumu kwa kila mtu, na hiyo aibu ndiyo inamfungia duka.

HATUA YA 2: Andika vitu unavyonunua kila mwezi halafu hamisha viwili au vitatu

Usijiahidi kwamba kila kitu utanunua downtown, utachoka wiki ya pili. Chagua vichache. Chaja, earphone, waya za TV ziko Luthuli. Spea za gari na pikipiki Kirinyaga Road, wenyewe tunapaita Grogan. Sufuria, jiko, karai, masanduku ya bodingi nenda Kamukunji kwa jua kali, wale wanagonga bati mbele yako na unaweza kuagiza saizi yako. Mzazi ambaye mtoto anarudi shule 10 Mei 2021, nunua sanduku na yunifomu wiki hii, usingoje Mei, ni pesa ileile utakayotumia ila ikifika Aprili inalipa kodi ya Mei na ikifika Mei tarehe 9 pengine duka lishafungwa.

HATUA YA 3: Fanyeni oda ya ploti (yaani oda ya pamoja ya wapangaji wa jengo moja)

Hii ndiyo naipenda zaidi na ndiyo imefanya kazi vizuri kwetu. Kwa masharti ya korona ya wakati huo matatu ya watu 14 ilibeba 8, nauli ikapanda, mtu akipiga hesabu ya kwenda na kurudi mjini kwa sababu ya kununua kitu cha mia tatu anaona bora anunue tu hapa stejini. Sasa badala ya kila mtu kwenda, mnachukua grupu ya WhatsApp ya ploti, mtu mmoja anakusanya oda mpaka Jumatatu jioni, nani anataka balbu, nani anataka mipira ya jiko la gesi, nani anataka uzi, anapigia maduka simu Jumanne asubuhi, pesa inatumwa, halafu mtu wa boda mmoja anazungukia maduka matatu manne anarudi na kila kitu. Nauli ya boda mnagawana. Duka linapata oda ya elfu nne kwa mpigo badala ya kungoja watu kumi ambao saba kati yao hawatakuja, na nyinyi hamkujazana kwenye ngazi za zile eksibisheni, majengo yaliyogawanywa stoli ndogo ndogo, ambapo hata ukivaa barakoa unapumuliana tu na watu maana hakuna dirisha.

Huyo anayekusanya awe mtu wa kuandika, tena jina, kitu, rangi, pesa. Picha ya sampuli itumwe, "ile bluu ya kawaida" inaleta vita.

HATUA YA 4: Lipa yote, lipa kwa till, na punguza kubargain

Ukilipa kwa till, yaani namba ya M-Pesa ya biashara, mteja hakatwi kitu, mwenye duka ndiye anakatwa kidogo sana, na inambakishia rekodi ya mauzo ambayo akienda kuomba mkopo benki anaweza kuonyesha. Ile ruhusa ya mwaka 2020 ya kutuma mpaka elfu moja bure kwa M-Pesa iliisha Desemba 2020, sahizi bure ni mpaka shilingi 100, kwa hivyo msishangae mkiona makato yamerudi. VAT (ushuru wa ongezeko la thamani) pia ilikuwa imeshuka mpaka asilimia 14 na tangu 1 Januari 2021 imerudi 16, bei ikipanda kidogo msimlaumu muuzaji.

Kuhusu bei, mimi nasema hivi, uliza bei ya mwisho mara moja, ukiambiwa lipa. Ile tabia ya kumvuta mtu kutoka 350 mpaka 220 halafu unaondoka ukijisifu, wakati huu umemlia chakula cha mtoto.

HATUA YA 5: Mlioko nje ya kaunti tano, agizeni kwa simu

Watu wamefungiwa ila magari ya mizigo yanapita. Mwambie muuzaji wako akutumie video ya mzigo wenyewe ukiwa juu ya kaunta, sio picha ya intaneti, ahesabu mbele ya kamera, afunge, aandike jina lako na namba ya simu kwa maka pen juu ya nailoni, akutumie picha ya risiti ya ofisi ya parseli. Mzigo wa kwanza uwe mdogo. Gharama ya usafirishaji mkubaliane kabla, sio mzigo ukishafika.

HATUA YA 6: Hoteli (mikahawa ya chakula)

Wakati wa lokdauni waliruhusiwa kuuza chakula cha kubeba tu, hakuna kukaa ndani. Ukifanya kazi mjini beba bakuli lako lenye kifuniko, unamwokolea pesa ya kontena, na agiza kabla ya saa sita ajue apike sufuria ya ukubwa gani. Chakula kikibaki ni pesa imemwagwa.

HATUA YA 7: Elekeza watu

Downtown mtu hashindwi na bei, anashindwa kupata duka. Ukipost duka la mtu (muombe ruhusa kwanza) andika jengo gani, mlango uko upande gani, orofa ya ngapi, stoli namba ngapi, wanafungua na kufunga saa ngapi. Wengi sasa wanafunga saa kumi na moja jioni ili wafike nyumbani kabla ya kafyu, mtu akija saa kumi na mbili akute mlango umefungwa hatarudi tena.

MASWALI YA WADAU

Swali (mdau wa Kakamega): Mkuu hatua ya 5 nimeielewa lakini nitajuaje huyu si tapeli? Mwaka jana kuna mtu aliniuzia viatu kwa Facebook mpaka leo sijaviona.

Jibu: Pole sana. Anza na muuzaji uliyewahi kusimama dukani kwake, hata kama ni miaka miwili iliyopita, tafuta risiti yake ya zamani namba iko hapo. Kama ni mpya, mtumie shilingi 100 kwanza, haina makato, na usome jina kwenye meseji kama linafanana na alilokwambia. Halafu mpigie video call saa za kazi umwambie atoke nje akuonyeshe jengo na barabara. Mtu wa duka atafanya hivyo bila shida, tapeli ataanza kusema simu ina chaji kidogo. Na kama uko na mtu wako yeyote Nairobi mtume apitie pale, hiyo ndiyo salama kuliko zote.

Swali (mwenye duka, Dubois Road): Asante kwa somo. Sisi shida yetu ni mwenye jengo, amekataa kupunguza hata shilingi, na ameanza kutisha atatuwekea kufuli. Tufanyeje?

Jibu: Dada yangu, kwanza usinyamaze. Andika barua fupi au meseji kabla ya tarehe ya kodi, sema utalipa kiasi gani sasa na kiasi gani lini, na ulipe hicho kidogo kweli, ibaki maandishi. Mkienda wapangaji wengi pamoja mnasikizwa zaidi, jengo tupu nalo halimlipi. Kwa upande wa sheria, maduka yanalindwa na Cap 301, sheria ya wapangaji wa maduka na hoteli. Kama huna mkataba ulioandikwa, ama ni wa miaka mitano kushuka chini, kwa kawaida unahesabika kuwa mpangaji anayelindwa, na mwenye jengo hawezi kukutoa ama kubadilisha masharti bila notisi ya maandishi ya angalau miezi miwili, na wewe unaweza kupeleka kesi Business Premises Rent Tribunal, baraza la kesi za wapangaji wa biashara. Kufuli ya ghafla sio njia. Lakini angalia kitu kimoja, kwa hizi eksibisheni wengi wamekodi kutoka kwa mtu aliyekodi duka zima na kuligawa, walilipa goodwill (pesa ya kupewa nafasi) kwa huyo, na mwenye jengo hata hawajui. Kama ndio hali yako tafuta ushauri wa wakili ama ofisi ya msaada wa kisheria kabla hujaenda kubishana, na risiti zote za kodi weka pamoja leo.

Swali (mdau): Mimi nauliza bila ubaya, mengi ya haya maduka hayatoi risiti ya ETR, ile ya mashine ya ushuru. Si ni kama tunasaidia watu kukwepa ushuru?

Jibu: Swali zuri. VAT mtu analazimika kujisajili akifikisha mauzo ya milioni 5 kwa mwaka. Wa chini ya hapo kukosa ETR peke yake haimaanishi anakwepa. Kuna ushuru wa mauzo, turnover tax, ambao Aprili 2021 ulikuwa asilimia 1 kwa anayeuza kati ya milioni 1 na milioni 50 kwa mwaka, ulishushwa kutoka 3 mwaka 2020. Kijiduka cha vifungo kinaweza kuwa hata milioni hakifiki. Omba risiti ya kuandikwa kwa mkono, inakutosha ukirudisha kitu kilichoharibika.

Swali (mdau wa Dar): Wakuu hongereni. Sisi huku Kariakoo hatujafungiwa, maduka yako wazi, ila wateja wa Kongo na Zambia tuliokuwa tunawategemea wamepungua sana. Hili somo linatufaa na sisi?

Jibu: Karibu ndugu yangu. Hatua ya 1 na ya 5 ni zenu kabisa. Tofauti ni kwamba mzigo wenu unavuka mpaka, kwa hivyo video na risiti hazitoshi, mteja atataka ajue nani anashughulikia forodha na gharama yake, mwandikie yote kwenye oda moja kabla hajatuma pesa. Na wateja wa zamani wapigieni simu nyinyi, msingoje wao.

Swali (mdau, Doha): Dada yangu ana saluni pale karibu na Ronald Ngala, ana malimbikizo ya kodi miezi miwili. Nikimtumia pesa inaishia kwenye mambo ya nyumbani. Nifanyeje bila kumvunjia heshima?

Jibu: Zungumza naye waziwazi, mwambie hii ni ya saluni. Muulize kodi inalipwa akaunti gani, amwombe keretaka taarifa ya deni, halafu lipa moja kwa moja huko, yeye abaki na risiti. Usimwache akope kwa hizi app za simu kulipa kodi, riba inakimbia kuliko mauzo, na ile nafuu ya kutopelekwa CRB (ofisi ya orodha ya wasiolipa mikopo) iliisha Septemba 2020, akichelewa jina lake linaweza kuingia. Ukibaki na kitu kidogo, lipia nywele za mama na shangazi zenu mapema, waende siku za katikati ya wiki asubuhi, ndio saa viti viko wazi.

Swali (mdau wa Kayole): Oda ya ploti nawezaje kujiunga na yenu?

Jibu: Yetu imejaa, tuko ploti moja tu na mtu wa boda hawezi kubeba zaidi. Anzisha yako hata na majirani wanne, orodha tunayotumia ni ile ya hatua ya 3, jina, kitu, rangi, pesa, uikopi. Cha kufanya leo ni kumtafuta mtu wa boda mnayemjua kwa jina na stejini kwake, mkubaliane bei ya kuzunguka maduka matatu, halafu ndio muanze kukusanya pesa.