Kontena kutoka China hadi Mwanza: panga njia kuanzia mwisho

Wengi huingia ofisini kwangu hapa Mwanza mjini na kotesheni mkononi, wakiulizia nauli ya meli. Mimi huwauliza: kontena tupu utalirudisha wapi, na umepewa siku ngapi?

Kontena ni mali ya kampuni ya meli. Likishushwa bandarini Dar es Salaam unahesabiwa siku za bure. Zikiisha, demareji inaanza, yaani tozo ya kuchelewa kulirudisha. Sasa piga hesabu: mzigo utoke forodhani, lori lipatikane, lipande kilomita zaidi ya 1,100 kupitia Dodoma, Singida na Shinyanga, lishushe, kisha tupu lirudi pwani. Nauli ya chini yenye siku chache za bure mara nyingi ndiyo ghali. Omba siku ziongezwe kabla mzigo haujapakiwa huko China, na ziandikwe. Ahadi ya simu haina kazi ukifika dirishani kwa kampuni ya meli.

Wenye nguo na viatu wa soko la Makoroboi hapa mjini nawashauri wapakue Dar, mzigo upande lori la kawaida, kontena lirudi palepale. Vigae hapana. Vikishikwashikwa mara mbili utauza vipande. Vigae viache ndani ya kontena la futi 20, na uulize uzito mapema: kwenye mizani lori na mzigo wake havitakiwi kuzidi tani 56, na hizo ni kwa gari lenye ekseli za kutosha. Kwa mzigo mzito usio na haraka kuna reli ya zamani, inayofika hadi Mwanza Kusini, ila uwe na subira ya behewa.

Mombasa? Kama duka liko Tarime au Musoma, sikatai, Sirari ipo jirani. Lakini mzigo utapita Kenya kama transiti: dhamana ya forodha, wakala wa pili, na tupu kurudishwa nchi ya watu. Kwa kontena moja mimi naona ni kujichosha.

Upande wa baharini, uliza kama meli inakuja moja kwa moja au kontena litahamishwa njiani, tuseme Singapore au Colombo. Likihamishwa linaweza kulala huko likisubiri nafasi. Na ukiona nyongeza ya Bahari ya Shamu kwenye kotesheni yako, taka maelezo; meli ya China kuja Dar inakatiza Bahari ya Hindi, haipiti Suez. Wanaobanwa na hilo ni wenzetu wa minofu ya sangara iliyogandishwa kwenda Ulaya, kwa sababu kuanzia mwishoni mwa 2023 meli nyingi zilianza kuikwepa Bahari ya Shamu na kuzungukia Rasi ya Tumaini Jema.

Kwa mzigo wa Januari au Februari, lipia kiwanda mapema. Mwaka mpya wa Kichina ukikaribia, nafasi melini inagombaniwa, halafu viwanda vinafungwa. Hapo hata meli ya kuhamisha ikubali, mradi ina nafasi.