Jinsi ya kutathmini sera ya serikali kwa ajili ya kazi ya chuo: mfano wa kupumzishwa kwa Ziwa Tanganyika

Kichwa kama "Tathmini ya Sera ya Uvuvi Tanzania" hakiandikiki katika kurasa kumi na tano. Chagua uamuzi mmoja wenye tarehe, eneo na lengo lililotamkwa. Aliye Kigoma anao mmoja mzuri: kupumzishwa kwa shughuli za uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024. Una mwanzo na mwisho, na walioguswa wako Kibirizi na Katonga, mwendo wa bodaboda tu kutoka mjini.

Geuza mada iwe swali linalopimika. Kwa mfano: je, kupumzisha ziwa mwaka 2024 kuliongeza mavuno ya dagaa kwa kila chombo katika mialo (sehemu za kushushia samaki) ya Manispaa ya Kigoma Ujiji, na gharama yake ilibebwa na nani?

Anza na nyaraka, na usiziite zote "sera". Sera ya Taifa ya Uvuvi ya 2015 inaeleza nia. Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya 2003 inatoa mamlaka. Kanuni za 2009 na marekebisho yake zinasema kipi kimekatazwa. Juu ya hizo kuna mkataba wa usimamizi wa ziwa uliosainiwa Dar es Salaam mwaka 2003 na nchi nne zinazolizunguka: Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia. Malengo ya hatua yenyewe yatafute kwenye tangazo rasmi, hotuba ya bajeti ya Wizara ya Mifugo na Uvuvi na Hansard (kumbukumbu rasmi za mijadala) ya Bunge, uyanukuu neno kwa neno. Gazeti likusaidie kupata tarehe, basi.

Vibali vishughulikie mapema, kabla hata ya kumaliza kusoma. Barua ya utambulisho ya chuo hupitia ofisi ya Katibu Tawala wa Mkoa, ikashuka halmashauri, kwa mtendaji wa kata, kisha kwa viongozi wa BMU (kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi) mwaloni. Tenga wiki mbili au tatu, na utembee na nakala zenye mihuri. Ukiomba takwimu kwa afisa uvuvi, usiseme "naomba data za samaki". Utapewa jumla ya mwaka isiyokusaidia. Peleka jedwali tupu lenye safu tayari: mwezi, mwalo, aina ya samaki, kilo, idadi ya vyombo, siku za kuvua. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inampa mtoa taarifa hadi siku 30 kujibu, kwa hiyo usiombe wiki ya mwisho. TAFIRI (Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania) nao wana kituo Kigoma. Waulize wanavyokusanya takwimu zao.

Kwenye namba ndiko kazi nyingi huharibikia, na mtego wa kwanza ni mwaka wa fedha. Unaanza Julai 1, kwa hiyo miezi mitatu ya kupumzisha ilikatwa karibu nusu kwa nusu: sehemu ikaangukia 2023/24, sehemu 2024/25. Ukilinganisha ushuru wa samaki wa mwaka mmoja na mwingine, athari inagawanyika na kupotea. Dai takwimu za kila mwezi.

Mwezi wa angani nao una neno lake. Dagaa wa Tanganyika huvuliwa kwa taa, hivyo mbalamwezi ikiwaka vyombo vingi hubaki nchi kavu. Mwaka 2024 mwezi mpevu uliangukia Agosti 19, siku chache tu baada ya ziwa kufunguliwa. Anayepima mafanikio kwa wiki hiyo ya kwanza anapima mbalamwezi. Subiri giza la mwanzoni mwa Septemba, ulilinganishe na giza la msimu huohuo mwaka 2023 na 2022.

Ziwa likifunguliwa, wengi huingia kwa pamoja. Jumla ya kilo ikipanda, huenda vyombo ndivyo vilivyoongezeka, si samaki. Gawanya kilo kwa idadi ya vyombo vilivyotoka usiku huo. Na bei? Sado ya muuzaji mmoja imejaa hadi mdomoni, ya mwingine ina kilima juu. Chukua mzani mdogo, pima sado tano za wauzaji tofauti, uandike bei kwa kilo, ukitenganisha dagaa wabichi na wakavu.

Halafu jiulize kama tatizo lilitambuliwa sawasawa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulihusisha kupungua kwa uzalishaji wa ziwa na ongezeko la joto, linalozuia maji ya chini yenye virutubisho kupanda juu. Kama hilo ni sehemu ya sababu, kuzuia nyavu kunatibu sehemu tu. Aya mbili za hoja hii zinatosha, ila zisikosekane.

Kwa mahojiano, usiishie kwa wenye vyombo. Tafuta wavuvi wanaolipwa kwa mgao, akina mama wanaoanika dagaa, wabebaji na wachuuzi wa sokoni. "Kufungwa kulikuathiri?" ni swali la kumlisha mtu jibu. Muulize: "Juni 2024 hela ya chakula ilitoka wapi?" Usimhoji mbele ya kiongozi wa BMU, kwani BMU ni miongoni mwa watekelezaji.

Ukifika kwenye hukumu, tenganisha vigezo: kufikia lengo, gharama, usawa, utekelezaji. Hatua inaweza kufaulu kwenye kimoja na kuanguka kwenye kingine, na kila kigezo kipate sentensi yake ya uamuzi. Msimu mmoja hauthibitishi kwamba samaki wameongezeka. Andika "mavuno kwa chombo yalipanda" au "yalishuka", utaje miezi, na uweke jedwali lako zima kwenye kiambatisho ili msimamizi akokotoe mwenyewe.