Jinsi ya kusoma vitabu kwenye Palm IIIxe yenye megabaiti 8 za kumbukumbu

Mwongozo huu nimeuandika baada ya kumsaidia binamu yangu aliyerithi Palm IIIxe, kompyuta ndogo ya mkononi ya mwaka 2000 yenye skrini ya nukta 160 kwa 160. Kwa vitabu vya maandishi matupu, kifaa hiki kingali kinafaa sana. Faili za PDF ziacheni kabisa.

Hatua ya 1. Wekeni CSpotRun, programu ndogo ya bure inayosoma faili za muundo wa Doc (ule wa Palm, si wa Word). Muundo mwingine wa vitabu vya Palm, zTXT, hubana maandishi zaidi, lakini mimi napendelea Doc kwa kuwa karibu kila programu ya kusomea ya Palm huufungua.

Hatua ya 2. Safisheni maandishi kwenye kompyuta. Hapa ndipo muda mwingi hupotea, kwa hiyo msiharakishe. Faili nyingi za maandishi hukatwa mistari kila baada ya herufi 70 hivi, na kwenye skrini nyembamba kila mstari mrefu hufuatwa na kipande cha neno moja au mawili, jambo linalochosha macho upesi. Tatizo la pili ni ritifaa iliyopinda: ikiwa imehifadhiwa kwa UTF-8, Palm, ambayo haiufahamu usimbaji huo, huonyesha «ngâ€™ombe» mahali pa «ng'ombe». Calibre, programu ya kompyuta ya kubadili miundo ya vitabu, hutatua yote mawili kwa amri moja:

`ebook-convert kitabu.txt kitabu.pdb --input-encoding utf-8 --paragraph-type block --unsmarten-punctuation --format doc`

Neno `block` huiambia Calibre kwamba aya hutenganishwa na mstari mtupu, hivyo mistari iliyo ndani ya aya huunganishwa. Kwa ushairi tumieni `single`, la sivyo mishororo yote ya ubeti itakuwa aya moja. Mshororo wa mizani 16 hauenei kwenye upana wa skrini, kwa hiyo mimi hukata kila mshororo katikati, ukwapi (kipande cha kwanza) ukae mstari wake na utao (kipande cha pili) mstari wake, na vina vya kati na vya mwisho vionekane wazi. Kazi hiyo hufanywa kwa mkono, na inastahili.

Hatua ya 3. Hamisheni faili. Kitako cha Palm, yaani kile kinachokiunganisha kifaa na kompyuta, hutumia waya wa siriali, basi kompyuta ya sasa itahitaji kiunganishi cha USB. Kwenye Linux andikeni `pilot-xfer -p /dev/ttyUSB0 -i kitabu.pdb`, kisha bonyezeni kitufe cha HotSync (cha kuanzisha uhamishaji) kwenye kitako.

Hatua ya 4. Someni, kisha futeni kitabu kilichokwisha, kwa maana programu na vitabu hugawana kumbukumbu ileile. Kumbukumbu hiyo hutegemea umeme wa betri mbili za AAA, na betri zikifa vyote hufutika. Wakati wa kuzibadilisha, wekeni mpya ndani ya dakika moja, na nakala za faili za pdb zibaki kwenye kompyuta.