Poda ya mtoto kabla ya kufungua injini ya pikipiki

Injini iliyochakaa ya pikipiki ya njia za vumbi ikivuja oili, usinunue seti nzima ya gasketi (vizibo vya maungio ya injini) kabla hujajua inavujia wapi. Ioshe kwa mafuta ya taa ikiwa imepoa, ikaushe kabisa, kisha inyunyizie poda ya mtoto kwenye maungio yote na kuzunguka shafti ya sproketi ndogo (gia inayozungusha mnyororo), ukiepuka mdomo wa kichujio cha hewa. Iwashe kwa dakika chache tu, kwa sababu injini inayopozwa kwa hewa hupata joto kupita kiasi ikiwaka huku pikipiki imesimama, halafu tazama mahali poda ilipoanza kugeuka rangi. Oili hushuka kwa uzito wake na upepo huisukuma nyuma, ndiyo maana tope jeusi lililo chini ya injini hudanganya, ilhali poda huinyonya pale pale inapotokea. Mara nyingi kosa huwa ni sili moja ndogo (kizibo cha mpira kinachozuia oili) au boliti iliyolegea. Kagua pia mpira wa kupumulia wa injini, yaani bomba linalotoa shinikizo la ndani, kwani ukiziba kwa matope, shinikizo la ndani husukuma oili kupitia hata sili nzima, na sili mpya utakayoweka itavuja vilevile. Njia hii haifai kitu ikiwa oili inapungua huku poda ikibaki nyeupe na moshi ukitoka wa bluu: hapo oili inaungua ndani, kupitia ringi za pistoni au sili za valvu, na lazima injini ifunguliwe.