Pima udongo wako kwa utepe wa vidole

Kabla ya kupanga ratiba ya kumwagilia, uulize udongo wenyewe. Chimba hadi kina cha jembe, chukua konzi moja, toa mawe na mizizi, lowesha kidogokidogo huku ukikanda hadi ulainike kama unga wa chapati. Kisha usukume kwa dole gumba juu ya kidole cha shahada utoke utepe. Udongo ukishindwa kushikana hata kuwa donge, ni kichanga: maji hupita upesi na kuondoka na mbolea, kwa hiyo mwagilia kidogo mara kwa mara na mbolea ya urea uigawe, uitie kwa awamu. Utepe ukikatika kabla ya sentimita 2.5, ni tifutifu. Ukivuka 5, ni mfinyanzi. Chembe zake hazifiki milimita 0.002, ndiyo maana hunata, hunywa maji polepole na kuyashikilia.

Kipimo hiki hudanganya kwenye udongo mwekundu wa milimani, kwani madini ya chuma huufunga mfinyanzi vipunjevipunje, ukadhani ni mchanga. Huo ukande dakika kadhaa zaidi. Na usichukue sampuli palipomwagwa samadi juzi.