Kumfundisha Mtoto kwa Kishikwambi chenye Kalamu

Faida kubwa ya kishikwambi chenye kalamu ni kwamba mtoto huandika kwa mkono wake, na anayemfundisha huiona njia aliyopita hadi akafikia jibu. Kwa hiyo, hakikisha kwanza kwamba mkono huo unaandika kwa raha. Ingia kwenye mipangilio na uangalie kama kifaa kinaweza kupokea ncha ya kalamu na kupuuza kiganja kinachoegemea kioo. Mtoto ambaye kila akiegemeza mkono huchafua ukurasa kwa mistari asiyoikusudia huzoea kuuning'iniza hewani, na haupiti muda mrefu kabla bega halijachoka na mwandiko kuharibika. Kalamu za ncha pana ya mpira hugusa kioo kama kidole tu, hivyo kwa kazi ya herufi ni bora kutumia kalamu iliyotengenezwa kwa ajili ya kifaa chenyewe. Kilaze mezani, upande wa juu ukiwa umeinuka kidogo, na mtoto anayetumia mkono wa kushoto aachwe akigeuze kama ageuzavyo daftari lake.

Somo likianza, zuia kitufe cha kufuta. Naliona hili kuwa jambo zito kuliko mengine yote, kwa kuwa kosa lililofutwa halimfundishi mtoto wala mwalimu. Mwelekeze akate kosa kwa mstari mmoja, kisha aandike upya kando yake kwa rangi nyingine. Chukua mfano wa 403 kutoa 158, ambapo mtoto amepata 255 badala ya 245. Ukitazama kazi yake, utaona 4 imekatwa na kuwa 3, mamoja yamekuwa 13, lakini sifuri iliyo katikati haikuguswa: amekopa kwenye mamia na kuyaruka makumi, kisha kwenye makumi akatoa 0 kwenye 5 badala ya 5 kwenye 0. Hapo huhitaji kumrudisha mwanzo wa somo. Mchoree mafungu ya makumi pembeni mwa ukurasa uleule, na umwombe avunje mia moja mbele yako.

Kwa herufi, kaa karibu naye na utazame mkono, kwa sababu "a" mbili zinazofanana zinaweza kuwa zimeandikwa kwa mwendo tofauti kabisa. Baadhi ya programu huweza kuurudia mwandiko mstari kwa mstari, na mtoto akijiona akianzia chini hujirekebisha upesi. Penseli na karatasi ziendelee kutumika sambamba, maana kioo huteleza na hakimzoeshi kukadiria nguvu ya vidole.

Mwisho wa somo, hifadhi ukurasa pamoja na tarehe yake. Baada ya wiki mbili ufungueni tena, umwachie mtoto akueleze mwenyewe alikosea wapi.