Vipele vya Kinenani Baada ya Kunyoa

Mimi ni nesi wa zahanati hapa Tanga. Wenye shida hii wakija huanza kwa kusingizia kuumwa kichwa, mpaka nifunge mlango ndipo nasikia, "Sista, nina vipele huku chini."

Mara nyingi ni wembe tu. Mavuzi yetu yamejikunja. Ukiyanyoa mpaka chini kabisa, unywele unapoota hupinda ukarudi kuchoma ngozi, au hunasa humohumo ndani. Ngozi inauona kama mwiba: inavimba, inawasha, pengine inatunga usaha. Kitazame kipele kwenye mwanga, aghalabu utauona unywele katikati.

Kwanza weka wembe kando hadi ngozi itulie, wiki 3 au 4. Najua wapo wanaonyoa kila Ijumaa, lakini hadithi ya Mtume imesema zisipite siku 40. Kila wiki si lazima. Chovya kitambaa safi kwenye maji ya uvuguvugu, kamua, kiweke hapo dakika 10, mara 3 kwa siku. Usiminye wala usichokoe kwa sindano. Limau na spiriti vitakuunguza bure. Zile krimu kali watu wanazojichubulia nazo ndizo zinazoniudhi zaidi: wekundu unapungua siku mbili, kumbe ngozi inakonda.

Ukirudi kunyoa, oga kwanza nywele zilainike, paka povu, tumia wembe mpya wako peke yako. Fuata nywele zinakolalia, usivute ngozi, usirudierudie. Lakini nikiulizwa mimi, nasema mashine ya kunyolea, na uache nywele fupi kidogo. Isipokatwa ndani ya ngozi, haina pa kunasa.

Sasa, si kila kipele ni cha wembe. Malengelenge yaliyokusanyika pamoja yanayochoma, vinyama vya masundosundo, majipu yanayorudi kinenani na kwapani yakiacha makovu: hayo yote njoo tuyaone. Homa nayo, au uvimbe unaotanuka haraka, usisubiri kesho, hasa kama una kisukari.

Kinachonitisha zaidi ni kidonda kimoja kisichouma. Huweza kuwa kaswende, na hufunga chenyewe ukadhani umepona, kumbe ugonjwa umebaki mwilini. Kipimo chake ni cha damu, tiba ni sindano ya penisilini. Njoo kabla hujapaka kitu, na mwenzako uje naye, maana ukitibiwa peke yako anaweza kukuambukiza tena.